Jukwaani sihitaji watakatifu

Mwaka 1977, katika baa moja ya San Francisco iliyokuwa kijiwe cha mashoga wa makoti ya ngozi, Allan Estes na wenzake walianza kuonyesha tamthilia. Ya kwanza ilikuwa The West Street Gang ya Doric Wilson, na yenyewe inatokea ndani ya baa ya aina hiyohiyo. Wateja wamechoka kupigwa na genge la vijana linalowavizia nje. Siku moja wanamkamata kiongozi wa genge, wanamfungia ndani, halafu hawajui wamfanye nini. Ubishi unazuka. Anayejiita kiongozi wa harakati anatoa hotuba ndefu isiyomsaidia yeyote.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Theatre Rhinoceros, kundi lisilotafuta faida la maigizo ya wapenzi wa jinsia moja. Jina lilitokana na kifaru wa zambarau, alama iliyobuniwa Boston mwaka 1974 kwa hoja kwamba kifaru ni mpole, hana neno na mtu mpaka achokozwe. (Askari wa wanyamapori wa Ngorongoro watakubali nusu tu ya maelezo hayo.)

Nalitaja onyesho hilo la kwanza kwa sababu makundi ya namna hii huombwa jambo moja kila mara: tuonyesheni vizuri. Ombi lenyewe halina ubaya. Kwa miaka mingi shoga wa jukwaani alikuwa kichekesho, au mgonjwa wa akili, au maiti kabla pazia halijafungwa. Tena New York, kuanzia 1927 hadi 1967, sheria ilikataza kabisa mambo ya ushoga kuigizwa. Mtu aliyetukanwa hivyo ana haki ya kutaka kuonekana msafi. Lakini ukishamsafisha mhusika kupita kiasi, unabaki na bango la kampeni, na mimi sikati tiketi nikaangalie bango. Estes angeweza kuanza na vijana wawili wapole wanaopendana na mama anayewaelewa. Akaanza na watu waoga, wagomvi, wenye maneno makali, wanaochekesha. Hao ndio binadamu, na mtazamaji aliyekuwa na bia yake mkononi aliwajua kwa majina.

Kilichofuata kinanipa nguvu ya kusema hivi. Mei 1984 Estes alifariki kwa UKIMWI. Kundi lingeweza kufa naye. Septemba mwaka huohuo likapandisha The AIDS Show, iliyoandikwa na wasanii wapatao 20: vipande vifupi, nyimbo, mtu mmoja akizungumza peke yake. Ulikuwa wakati ambao Rais Reagan alikuwa hajalihutubia taifa lake kuhusu ugonjwa huo. The Normal Heart na As Is, tamthilia zinazokumbukwa zaidi kuhusu janga lile, zilifika majukwaa ya New York mwaka uliofuata. Na katika onyesho lile watu walicheka. Walichekea ngono, hofu na utani wa wodini, huku wengine ukumbini wakiwa wamezika rafiki majuzi. Lingepangwa na kamati ya kulinda sura ya jamii, nusu ya vipande vingeondolewa.

Wapo wanaouliza makundi haya yana kazi gani tena, maana siku hizi televisheni na mitandao ya filamu imejaa wahusika mashoga. Mimi nawaambia waangalie tarehe. Biashara hufika pale hesabu zinapokubali. Mwaka 1984 hesabu hazikukubali, na waliokuwa na jukwaa lao wenyewe hawakuhitaji ruhusa ya tajiri yeyote ili waseme. Kesho likitokea jingine, tajiri yuleyule atangoja tena.

Ubaya ni kwamba jukwaa lako mwenyewe lina kodi ya pango. Rhinoceros lilikaa miaka mingi Redstone, jengo la mwaka 1914 lililokuwa makao ya vyama vya wafanyakazi, hadi lilipoupoteza ukumbi ule mwaka 2009, katika mji ambao wasanii wanafukuzwa na bei za nyumba kila uchao. Baada ya hapo likawa kundi la kuhamahama, likikodi kumbi za wengine. Marekani, asasi isiyotafuta faida husamehewa kodi ya mapato, lakini mwenye nyumba hakusamehe chochote. Tiketi peke yake hazitoshi. Panahitajika wafadhili, na hapo ndipo ombi la "tuonyesheni vizuri" linaporudi likiwa limebeba hundi. Mfadhili anapenda hadithi atakayoweza kumletea mkewe na bosi wake.

Ningependa wafadhili wa aina hiyo walipe umeme, walipe pango, wamlipe fundi wa taa kwa wakati, kisha wanunue tiketi kama sisi wengine wasijue wanakwenda kuona nini.