Sikuiuza Benki, Niliiweka Rehani Tu

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja (anajijua) ameshatuma ile sauti yake, anayosema nimeiuza benki ninayoifanyia kazi, kwenye kila kundi la WhatsApp la Waswahili tulio huku Marekani, na kwa kuwa mama amenipigia simu kuniuliza kama nimefungwa, acheni niseme mwenyewe. Sikuiuza benki. Niliiweka rehani. Ni vitu viwili tofauti, na hata hiyo rehani yenyewe kisheria haikushika. Nitafika huko.

Kwa wageni wa ukurasa huu: kazi yangu ni makaratasi ya mikopo ya biashara. Benki ikimkopesha mtu na kuchukua mitambo yake, stoo yake na hela anazowadai wateja wake ziwe dhamana, mimi ndiye ninayeutangazia ulimwengu kwamba mali hizo zina mwenyewe. Kutangaza ni kujaza fomu inaitwa UCC-1 na kuipeleka kwenye masjala ya jimbo ilikosajiliwa kampuni ya mkopaji. Fomu yenyewe ni fupi mno. Huwa nawaambia wageni kazini kwamba hata mtoto wa shule ya msingi angeijaza. Ikumbukeni sentensi hiyo.

Sasa mjue kwamba kwenye majina mimi ni moto. Sheria inataka jina la kampuni liwe vilevile lilivyo kwenye hati ya usajili. Siyo lile lililochorwa kwenye gari lao, wala lile wanalolitaja wakipokea simu. Ukikosea herufi, halafu mtu akapekua kwa jina sahihi na kompyuta ya masjala isiitoe fomu yako, basi fomu hiyo haina kazi na benki inapanga foleni pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Kwa mtu binafsi, majimbo mengi yanataka jina lilivyo kwenye leseni ya udereva, tena leseni iliyo hai. Nimewahi kumsimamisha mteja mlangoni, kalamu mkononi, kwa sababu leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Ofisini wananiita Polisi wa Herufi, na nilikuwa nalipenda jina hilo.

Tena mimi ndiye ninayeendesha semina. Kila semina lazima nisimulie ile ya General Motors, kampuni ya magari. Mwaka 2008 mawakili walikuwa wanafuta fomu za mkopo mmoja uliokuwa unalipwa, wakachomeka kwenye orodha fomu ya mkopo mwingine kabisa, wa dola bilioni 1.5, uliokuwa chini ya usimamizi wa benki ya JPMorgan. Wa upande huu hawakuona, wa upande ule hawakuona. Kampuni ikafilisika mwaka 2009, kesi ikatembea, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikasema: karatasi mliiidhinisha wenyewe ipelekwe, basi imefuta, hata kama hamkukusudia. Nikifika hapo huwa nacheka. Nacheka kwa sauti! Naegemea meza, nawauliza watu, "Sasa hawa walikuwa wanasoma nini?"

Haya.

Mteja ni mzee mmoja mtaratibu, ana kampuni ya kukodisha mashine za kutengenezea barafu. Siku ya kusajili dhamana yake nilifungua hati ya usajili upande huu wa skrini na fomu upande ule. Nikalipitia jina herufi kwa herufi. Lina S mbili. Nikazikagua zote mbili. Lina mkato kabla ya LLC, zile herufi za aina ya kampuni. Nikauweka, japo najua fika kompyuta za masjala huwa haziangalii mkato. Nikakagua hadi nafasi kati ya maneno. Nikabonyeza. Masjala ikapokea hapohapo, maana kazi yao si kukuuliza kama una akili timamu. Nakala ya mapokezi ikarudi, nikaiingiza kwenye faili bila kuisoma. Ningesoma nini, na mimi ndiye niliyeiandika? Mzee akaomba nakala yake. Nikamtumia kwa bashasha zote.

Miezi ikapita. Mzee akaja kuomba nyongeza ya mkopo.

Chumbani tulikuwa bosi wangu, wakili wa benki, mimi, na mkuu wa mikopo akiwa kwenye spika ya simu kutoka makao makuu. Mzee akavaa miwani, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaikunjua mkunjo mmoja baada ya mwingine, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Nina swali dogo," akasema.

Jamani, mtu mzima akikwambia ana swali dogo, ondoka kwenye hicho chumba.

Akaweka kidole kwenye mstari. "Mdaiwa," akasoma. Akanyamaza. Halafu akasoma jina la benki yetu, lote, mpaka yale maneno ya mwisho ambayo hata sisi wafanyakazi huwa hatuyatamki.

Nikatabasamu. Naomba mlielewe hilo, nilitabasamu. Nikajua mzee karuka mstari. Nikamwambia kwa ile sauti ya upole, "Hapo shuka chini kidogo, mzee wangu, huo ni upande wetu."

"Ndiyo," akasema. "Nimeona ni upande wenu."

Kidole kikashuka. "Mdai mwenye dhamana." Akasoma jina la kampuni yake. S zote mbili. Mkato. LLC.

Bosi akaacha kuandika. Wakili, ambaye kwa kawaida haachi kuchezea simu, akaiweka mezani kifudifudi.

Kidole kikashuka tena. "Dhamana: mali zote za mdaiwa, alizonazo sasa na atakazozipata baadaye." Akavua miwani. Akaigonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama fundi anayepima mbao. "Meza hii imo?"

Kimya.

Akageuka kuitazama mashine ya kahawa pembeni. "Na ile?"

Kwenye spika sauti ya mkuu ikasema, "Samahani, hapa sikusikia vizuri. Nani anamshikia nani dhamana?"

Mzee akasogea karibu na simu, akarudia yote tangu mwanzo, safari hii kwa ufasaha zaidi. Wote wakanigeukia. Nilihisi joto linatoka shingoni linapanda masikioni. Nikatazama ile karatasi, nikatazama zile S, nikafungua mdomo wangu mwenyewe na kusema:

"Lakini jina liko sahihi."

Basi ndiyo hiyo sentensi mnayoiona kwenye stika. Mliotengeneza stika nawajua kwa namba.

Yaliyofuata nayasema haraka maana bado yanauma. Wakili alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi alifafanua kwamba mzee hakupata hata kijiko cha benki, kwa sababu fomu peke yake haizai dhamana. Lazima kuwe na mkataba ambao mwenye mali ameikubali dhamana hiyo, na benki haikumkubalia mzee chochote. Hapo nikapumua. Akaongeza kwamba kwa muda wote huo na sisi hatukuwa na kinga yoyote juu ya mashine za mzee, kwa sababu anayepekua anapekua jina la mdaiwa, na kwa jina la mzee palikuwa patupu. Pumzi ikarudi ilikotoka.

Fomu mpya ikaenda jioni ileile. Nafasi yetu kwenye foleni inahesabika tangu jioni hiyo, ile tarehe ya zamani imekufa. Tukapekua kuona kama kuna aliyetutangulia, na kweli likatokea jina moja, nikaona nyota mchana. Kumbe ni muuzaji aliyempa mzee mashine moja kwa mkopo. Huyo hata tungekuwa wa kwanza angetupita kwa mashine hiyo, kwa sababu anayekukopesha kitu chenyewe hupewa siku 20 baada ya wewe kukipokea asajili dhamana yake, na bado anakuwa mbele.

Halafu ikaja sehemu ambayo rafiki yangu kwenye sauti yake ameiigiza, na ameigiza vibaya. Ile fomu ya kwanza ilibidi ifutwe, na wa kuidhinisha kufutwa ni mdai aliyeandikwa humo. Yaani mzee. Kwa hiyo benki, yenye majengo yake na walinzi wake, ikaandika barua rasmi kumwomba muuza barafu aiachilie. Aliyepewa kazi ya kuipeleka barua mnamjua. Mzee akaisoma yote, akaniambia atalifikiria. Akaniacha nimesimama. Kisha akasaini, akasema sharti lake ni moja tu, akija tena anywe kahawa kutoka kwenye mashine "yake".

Na msidhani kufuta kunafuta. Fomu iliyofutwa inabaki kwenye kumbukumbu za masjala kwa miaka, na kando yake inawekwa fomu nyingine inayosema imefutwa. Yeyote akipekua jina la benki ataikuta. Rafiki yangu ameshapekua, ameshapiga picha ya skrini, mmeshaiona.

Limebaki moja. Kwa kuwa dhamana yetu imesajiliwa muda mrefu baada ya mkopo kutolewa, mzee akifilisika ndani ya siku 90 tangu ule usajili mpya, msimamizi wa mufilisi anaweza kuomba mahakama iitengue. Hizo siku hazijaisha. Kwa hiyo sasa hivi hakuna mtu duniani anayeitakia mema biashara ya barafu kuliko mimi. Nimeanza kufuatilia utabiri wa hali ya hewa. Joto likipanda nafurahi.

Leo asubuhi mzee kanitumia ujumbe kwamba mashine moja imeharibika. Nikampigia hapohapo: fundi kaja? Kipuri kipo? Wateja wameambiwa nini? Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kijana, wewe unanihangaikia hivi kwa nini?"

Nimemwambia ni upendo tu.