Mwalimu anapokwama ubaoni

Ukiingia kidato cha kwanza katika shule nyingi za serikali Tanzania utakutana na ukimya wa aina yake. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Jibu analo, maneno hana, basi anainamisha kichwa. Mwalimu wake alipita njia hiyohiyo, na zipo sentensi zinazomkwama kooni hadi leo. Ila yeye ana pa kujificha: anajaza notsi ubaoni, darasa linanakili, kipindi kinaisha.

Naona heri akikwama aseme amekwama. Afungue kamusi mbele yao, akosee matamshi, arudie. Mtoto aliyemwona mtu mzima akishindwa kisha akaendelea na kazi bila kuvunjika, amepata kitu ambacho hotuba za paredi haziwezi kumpa.

Walimu wazoefu hunipinga, na hoja yao ni nzito. Darasa lina watoto themanini, heshima ndiyo uzio pekee. Mwalimu mgeni akikiri siku ya kwanza kwamba hajui, jioni ameshapewa jina la utani, na mzazi anauliza kwa nini mwanawe anafundishwa na asiyejua. Nakubali pia kwamba anayesema "sijui" kila siku kwa sababu hakuandaa somo ni mzembe tu, na wanafunzi hulitambua hilo upesi. Madeni ya mwalimu na ugomvi wa nyumbani kwake navyo vibaki nje ya darasa. Huo si mzigo wa mtoto.

Nisipoyumba ni kwenye fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, tena vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Bado yako madarasa ambamo fimbo inalala mezani wakati wa maswali. Mwalimu anayejisamehe kosa lake la ubaoni, kisha akamchapa mtoto kwa jibu lisilo sahihi, amemfundisha kwamba kukosea ni haki ya wakubwa.

Lakini mwalimu naye ana wa kumwogopa. Akijua kwamba kukiri mbele ya mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, kutamwandikia udhaifu kwenye ripoti, atarudi kwenye notsi zake, na kwa hilo siwezi kumlaumu.