Kinyozi, niachie shingo yangu

Juzi kinyozi alipomaliza kunipangusa, aliweka kiganja kimoja kidevuni kwangu na kingine kisogoni, tayari kuizungusha shingo ghafla mpaka ilie. "Kaka, nikunyonge kidogo?" Niliruka kwenye kiti. Wateja wakacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Mwaka jana nilimlisha mdogo wangu uji kwa mpira wa puani. Ana miaka 31. Alinyolewa, shingo ikanyongwa ko! ko!, keshoye kisogo kikaanza kumuuma upande mmoja. Akameza dawa za maumivu, akaenda kazini. Siku ya tano alfajiri alipaliwa na chai, akatapika, akawa anayumba, kope la kushoto limelala. Zahanati wakampima malaria. Majirani wakasema kalewa, shangazi akasema katupiwa kitu. Hakuna aliyetamka kiharusi, kwa sababu kiharusi tumewaachia wazee wenye presha. Siku nzima ikapotea, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze!

Ubongo unalishwa na mishipa minne mikubwa ya damu, miwili ya mbele, miwili ya nyuma. Ya nyuma hupanda kupitia vitundu vya pingili za shingo, na karibu na fuvu hukata kona, palepale shingo inapogeukia. Ukiinyonga kwa nguvu, utando wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika. Damu hupenya ukutani, bonge likajijenga, kipande kikakimbilia ubongoni, pengine siku kadhaa baadaye. Kwa vijana, mchaniko huu ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi.

Haya, daktari wa mdogo wangu hakumhukumu kinyozi wake. Mshipa huweza kuchanika hata kwa kukohoa, na wengi hunyongwa wakaondoka wazima. Nakubali. Lakini tunaihatarisha shingo kwa faida gani?

Dada zetu nao waangalie sinki la saluni: mwaka 1993 daktari Michael Weintraub aliandika katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, kuhusu wanawake waliopatwa na kiharusi baada ya kulaza shingo humo wakioshwa nywele.

Nilimweleza kinyozi yote haya, taulo bado liko begani kwangu. Alizima mashine. Akaniambia tangu asubuhi alikuwa ameshanyonga shingo sita.