Siku gazeti la Uhuru lilipofungiwa

Agosti 2021 gazeti la Uhuru lilifungiwa siku 14. Tulishazoea kusikia Mwanahalisi limefungiwa, Mawio limefungiwa, Mseto limefungiwa. Lakini Uhuru, gazeti la CCM, chama tawala? Ukurasa wake wa mbele ulikuwa umemnukuu Rais Samia Suluhu Hassan kwamba hana wazo la kuwania urais 2025, ilhali katika mahojiano yake na BBC hakusema hivyo. Chama chenyewe kikawa cha kwanza kulisimamisha, kisha Idara ya Habari Maelezo ya serikali ikashusha rungu.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinawakera watu wa kambi zote mbili. Sisi tunaotetea uhuru wa habari hatuna budi kukiri kwamba gazeti lilikosea, tena kosa la kizembe. Wanaotetea serikali nao watueleze: kosa ambalo kesho yake lingesahihishwa kwa kuomba radhi katika ukurasa uleule lilihitajije kuzima mitambo wiki mbili, kwa uamuzi wa ofisa mmoja ambaye si hakimu?

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, wakikimbia Rwanda ambako redio ya RTLM ilikuwa ikihimiza mauaji. Wakubwa wetu wanaposema "amani kwanza", wengine wanasema kwa sababu walishuhudia foleni ile. Kuna pia wananchi wa kawaida wanaochafuliwa majina mtandaoni na watu wasiojulikana. Na ndani ya tasnia kuna ugonjwa wetu tunaoujua: bahasha. Mwandishi asiye na mkataba, anayelipwa kwa stori, akimaliza semina anasubiri "nauli" kutoka kwa yule yule anayekwenda kumwandika.

Ila tuimalizie hadithi ya RTLM, maana huwa inaishia katikati. Ile haikuwa redio huru iliyokosa msimamizi. Waliokuwa nyuma yake walikuwa karibu kabisa na watawala wa wakati ule. Na walioshtakiwa kwa uchochezi wa vyombo vile walihukumiwa hapa hapa Arusha, Desemba 2003, na mahakama ya kimataifa iliyosikiliza mashahidi na mawakili kwa miaka. Uchochezi ukaitwa kwa jina lake na wenye hatia wakafungwa, bila waziri yeyote kuandika barua ya kufungia.

Mji huo huo ulitoa hukumu nyingine tarehe 28 Machi 2019. Baraza la Habari Tanzania na watetezi wa haki za binadamu waliipeleka Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Majaji wakaona vifungu kadhaa, vikiwemo vya uchochezi, kashfa ya jinai na mamlaka ya waziri ya kuzuia machapisho, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na wakaiagiza serikali irekebishe. Kelele hizi ni za zamani: Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama mwanzoni mwa miaka ya 90, iliiweka Sheria ya Magazeti ya 1976 kwenye orodha yake ya sheria 40 kandamizi. Sheria hiyo ikaendelea kutumika hadi 2016, ilipokuja nyingine yenye mamlaka yale yale.

Kwa hiyo sibishani na anayesema habari iwe na mipaka. Hata Katiba, baada ya kutoa uhuru wa maoni katika ibara ya 18, inaruhusu mipaka katika ibara ya 30. Ninachobishia ni nani anayeshika ufunguo. Waziri ndiye anayeandikwa na gazeti, na sheria hiyo hiyo ilimpa nguvu ya kulizuia lisitoke. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Wengine hutetea leseni za habari kwa kusema: mbona daktari ana leseni, wakili ana leseni? Ni swali zuri, na wanaolipuuza wanakosea. Lakini daktari hampasui yule anayempa leseni. Mwandishi anayefuatilia zabuni ya wizara anamgusa mtu ambaye kesho anaweza kuinua simu. Wala hahitaji kuinua kweli. Mhariri akikumbuka tu kwamba leseni ina tarehe ya mwisho, saa nne usiku kichwa "Waziri abanwa" kinageuka "Waziri atoa ufafanuzi". Hakuna takwimu inayohesabu magazeti yaliyofungiwa kwa namna hiyo.

Haki inataka niseme pia kilichobadilika. Februari 2022 Waziri Nape Nnauye aliyafungulia magazeti manne: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Mwaka 2023 Bunge likapunguza makali ya sheria. Nilifurahi, sikatai. Baadaye tu ndipo nilipojiuliza ile furaha ilitoka wapi: tulikuwa tunashukuru hisani. Mlango uliofunguliwa na waziri unafungwa na waziri, au na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Oktoba 2024 leseni ya maudhui ya mtandaoni ya kampuni ya magazeti ya Mwananchi ilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni mjongeo iliyogusia watu waliopotea. Mei 2025 mtandao wa X ukazimwa. Septemba jukwaa la mijadala la mtandaoni, JamiiForums, likafungiwa siku 90, muda uliomeza sehemu kubwa ya kampeni na siku ya kura yenyewe.

Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya kura, na intaneti ikakatika nchi nzima. Tuipe serikali hoja yake tena: huku maandamano yakiwaka mijini, picha moja ya uongo ingeweza kuua watu. Sawa. Lakini aliyekuwa Dar siku zile, ndani ya amri ya kutotoka nje, anajua uvumi haukulala. Ulipita kwa simu za kawaida, kwa majirani ukutani, kwa "nimeambiwa na shemeji", na hapakuwa na gazeti wala tovuti ya kuuliza: hivi ni kweli?

Intaneti iliporudi, polisi walituma ujumbe kwenye simu za watu wakionya dhidi ya kusambaza picha za kuzua taharuki. Nairobi na London baadhi ya picha hizo zilikuwa zimeshatazamwa siku kadhaa. Waliokuwa wakizifungua kwa mara ya kwanza ni watu wa Mwanza, Arusha na Mbeya, mitaa ile ile zilikopigwa.