Kidonge kimoja, bei mbili

Kidonge ni kilekile, kiwanda ni kilekile. Hospitali kubwa ya Marekani inauziwa kwa punguzo, duka la dawa lililo mtaa wa pili linauziwa kwa bei kamili. Sheria ya Robinson-Patman ya 1936 inamkataza muuzaji kuwabagua wafanyabiashara wanaoshindana, ubaguzi huo ukiumiza ushindani. Lakini mwaka 1938 Bunge lilifungua mlango wa uani: hospitali zisizo za faida zinaweza kupewa punguzo kwa bidhaa za matumizi yao wenyewe. Matumizi gani? Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilijibu: dawa ya mgonjwa aliyelazwa, hata ile anayopewa akiruhusiwa kwenda nyumbani, sawa, ya mpita njia aliyeingia na cheti chake, hapana.

Wenye maduka wanalalamika kwamba wanashindana huku wamefungwa mikono. Kweli, ila viwanda navyo havigawi sadaka. Hospitali au bima ina orodha yake ya dawa. Kiwanda kisipotoa punguzo, dawa yake inaweza kuondolewa humo, na madaktari wakaandika ya mshindani wake. Mfamasia wa mtaani hana ubavu huo. Dawa yenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kiwanda kimoja kuitengeneza, ikishaandikwa na daktari, kazi ya mfamasia ni kumkabidhi mgonjwa tu.

Na je, tukilazimisha wote wapewe bei ya chini? Kitu cha namna hiyo kilijaribiwa. Mwaka 1990 viwanda viliagizwa kuipa Medicaid, bima ya serikali kwa maskini, marejesho yanayofungamana na bei ya chini kabisa anayouziwa mnunuzi mwingine. Viwanda vikafanya hesabu, vikabana mapunguzo. Hata hospitali za maveterani zikapandishiwa bei, mpaka Bunge likatunga sheria nyingine 1992 kuziokoa. Kwa hiyo mimi siamini kwamba usawa wa bei huja na unafuu.

Lakini hoja hii ya kutetea mapunguzo ya viwanda nayo inachechemea mahali: punguzo linaishia mfukoni mwa nani? Mgonjwa mwenye bima anayelipa asilimia fulani ya bei ya dawa mara nyingi huhesabiwa kwa bei ya kabla ya punguzo.

Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliyatupia nje madai ya maduka dhidi ya viwanda: wateja waliowapoteza kwa sababu ya bei ni wachache mno. Sishangai. Mwenye bima, dirishani, mara nyingi hulipa kiasi kilekile popote aendapo. Bei aliyonunulia mfamasia haioni.