Jalada Lisilorudi: Daktari Bingwa na Wanaompelekea Wagonjwa

Kiswahili kimeipa mahakama na hospitali neno moja. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na mgonjwa ambaye hali yake imeishinda zahanati hupewa rufaa ya kwenda juu. Mahakamani, rufaa ni kumpima aliyehukumu: hakimu wa juu husoma jalada, hutafuta kasoro, kisha hukubali au hutengua. Nashuku kwamba neno hilo limeingia hospitalini na kivuli chake, maana madaktari wengi wa ngazi za chini huandika barua ya rufaa kama watu wanaojiandaa kusahihishwa. Hata hivyo mahakama ina jambo ambalo hospitali zetu nyingi hazina. Hakimu wa juu huandika sababu zake, na jalada hurudi lilikotoka, hivyo aliyetenguliwa huweza kusoma alipokosea. Tabibu aliyempandisha mgonjwa gari la wagonjwa usiku wa manane husikia habari za mgonjwa huyo kwa jirani, kama anazisikia.

Hapo ndipo pa kuanzia tunapojadili namna daktari bingwa anavyoweza kuaminiwa na wenzake wanaompelekea wagonjwa. Nchini Tanzania ngazi zinafahamika: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, kisha Muhimbili na taasisi zake jirani, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa mgonjwa mwenye bima, fomu ya rufaa ndiyo inayofungua mlango wa ngazi ya juu. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba imani haina kazi hapa: mgonjwa atafika kwa bingwa tu, apende asipende aliyemtuma. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu kufika, ila haisemi lolote kuhusu mgonjwa anafika akiwa katika hali gani, baada ya kucheleweshwa kwa muda gani, na nini kinampata akirudi nyumbani.

Chukua ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya rumatiki, ambao huanza na maambukizi ya koo utotoni na kuishia kuharibu vali za moyo. Bingwa wa moyo wa Dar es Salaam anaweza kuutambua kwa nusu saa akiwa na mashine ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti. Lakini kinachomkinga mtoto asizidi kuharibika ni sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi wanapofika umri wa miaka 40 au kuupita. Sindano hiyo haichomwi na bingwa. Inachomwa na muuguzi wa zahanati ya kijijini, ambaye asipoelezwa kwa nini mtoto anayeonekana mzima anaendelea kuchomwa sindano, ana kila sababu ya kuiacha. Mfano wa vali ya chuma, inayowekwa badala ya vali iliyoharibika, ni mzito zaidi. Aliyewekewa vali hiyo atameza wafarini maisha yake yote ili damu isigande juu yake, na atahitaji kupimwa INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, mara kwa mara ili dawa isipungue wala kuzidi. Mgonjwa wa namna hiyo akirejea Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, siku moja ataumwa tumbo. Atakwenda kituo cha afya kilicho karibu, naye tabibu atampa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, kama anavyowapa wengine. Metronidazoli huongeza nguvu ya wafarini. Tabibu asiyejua kwamba mgonjwa anameza wafarini hakufanya uzembe, alinyimwa habari. Damu ikianza kumtoka mgonjwa puani, lawama itamwangukia yule aliyekuwa mbele yake, si yule aliyeondoka na jalada.

Sasa imani hiyo ijengwe vipi? Wapo wanaoamini katika uhusiano wa mtu na mtu, na hoja yao nimeishuhudia ikifanya kazi. Bingwa anayempa daktari wa wilaya namba yake ya simu na kuipokea saa nane usiku humfanya daktari huyo athubutu kuuliza mapema, kabla mgonjwa hajazidiwa. Mara nyingine jibu huwa ni kwamba mgonjwa hana haja ya kusafirishwa, na familia huokoa nauli na siku za kulala kwenye veranda za hospitali. Picha ya kipimo cha moyo inayotumwa kwa simu hufika kwa sekunde chache, wakati fomu hupanda basi pamoja na mgonjwa. Zaidi ya hayo, daktari aliye peke yake wilayani huhitaji mtu wa kushauriana naye, na katika mazingira yetu mtu huyo hutokana na kufahamiana: mlisoma pamoja, alikufundisha ukiwa katika mafunzo kwa vitendo, au ni ndugu wa rafiki.

Kasoro imo humo humo katika kufahamiana. Asiyesoma na mtu hana wa kumpigia, na mgonjwa wake hulipa gharama ya upweke wa daktari wake. Bingwa akihamishwa au kwenda masomoni, njia yote iliyojengwa kwa miaka huondoka na laini yake ya simu. Kuna pia suala la siri. Makundi ya WhatsApp ya madaktari yamejaa picha za vidonda, majina ya wagonjwa na majibu ya maabara, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sidhani kwamba dawa ni kuyafunga makundi hayo, kwa sababu yameokoa watu. Lakini jina la mgonjwa halikuwa na ulazima wa kuwemo kwenye picha.

Wenye kuamini utaratibu hujibu kwamba bingwa haaminiwi kwa ukarimu wake bali kwa mrejesho wa maandishi, unaotoka kwa kila mgonjwa bila kujali nani alimtuma. Kimsingi naungana nao, ingawa madai yao huwa mepesi kuyasema kuliko kuyatimiza. Siku ya kliniki, bingwa wa hospitali ya umma hukuta foleni iliyojaa korido tangu alfajiri, na kumtaka aandike barua ya kurasa mbili kwa kila mmoja ni kumtaka awarudishe nusu yao bila kuwaona. Naye ana malalamiko ya haki. Barua nyingi zinazomfikia zina mstari mmoja: “kwa uchunguzi na matibabu zaidi.” Hazielezi dawa zilizotumika, wala presha ilivyokuwa siku tatu zilizopita, wala kilichomtia wasiwasi aliyetuma. Huanza upya, hurudia vipimo, mgonjwa hulipa mara mbili, na pole pole bingwa huzoea kuitupa barua pembeni bila kuisoma. Aliyeandika akijua kwamba haisomwi, mara nyingine ataandika mstari huo huo mmoja.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni ulimi. “Nani alikuandikia dawa hizi?” ni swali la kawaida katika chumba cha bingwa, na likiulizwa kwa sauti fulani mbele ya ndugu wa mgonjwa, linatosha kuvunja heshima ya daktari wa wilaya katika kata nzima. Maneno hayo hurudi kijijini kabla ya mgonjwa. Upande mmoja utasema mgonjwa ana haki ya kujua kwamba alitibiwa vibaya, na ni kweli. Kosa lililomdhuru halipaswi kufichwa ili kulinda undugu wa taaluma. Lakini mara nyingi kinachoitwa kosa ni kwamba ugonjwa ulikuwa haujajitokeza sawasawa, au dawa bora haikuwepo ghalani. Bingwa anayeona wiki ya tatu ya homa ana nuru ambayo aliyeona siku ya pili hakuwa nayo. Anayelijua hilo humpigia mwenzake simu na kumweleza faraghani, na nadhani simu hiyo moja hujenga imani kuliko semina tatu zenye chakula cha mchana.

Kuhusu fedha, nitasema kwa kifupi kwa sababu sioni pande mbili. Katika hospitali binafsi, ambako kipato cha bingwa hutegemea idadi ya wanaoletwa, husikika habari za “asante” inayotumwa kwa simu kwa kila mgonjwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuwaacha nje watu wa sekta binafsi, na hata kama ingewaacha, aliyetuma mgonjwa kwa ajili ya bahasha hakumwamini bingwa, ameiamini bahasha.

Pagumu zaidi kupapima ni pale mabingwa wanapoteremka wenyewe wilayani, kama inavyofanyika katika kampeni ya Madaktari Bingwa wa Rais Samia iliyoanza mwaka 2024, ambamo huwekwa kambi kwa siku chache katika hospitali za halmashauri. Wanaoikosoa husema siku chache hazitoshi, na kwamba baada ya kambi kufungwa, wilaya hubaki na orodha ya wagonjwa waliogunduliwa bila wa kuwafuatilia. Wanaoitetea hutaja maelfu ya nauli zilizookolewa. Mimi ningeangalia kitu kidogo kuliko hivyo: je, bingwa alimwona mgonjwa peke yake, au alikaa na daktari wa pale, meza moja, akamwacha yeye azungumze na mgonjwa kwanza? Namna ya pili ni ya polepole na huonyesha takwimu ndogo jioni, lakini bingwa huondoka akijua hospitali ile ina mashine gani na haina dawa gani. Rufaa ikimfikia baadaye kutoka pale, humjua aliyeiandika, na huelewa kwa nini kipimo fulani hakikufanywa.

Mrejesho wenyewe hauhitaji kurasa mbili. Ugonjwa uliopatikana, dawa na kipimo chake, dalili gani ikitokea mgonjwa arudishwe haraka, na namba ya ofisi, si ya mtu, ya kupiga kukiwa na swali: mistari minne, nakala moja mkononi mwa mgonjwa na nyingine kwa mganga mfawidhi aliyemtuma. Kwa yule wa Kigoma mwenye vali ya chuma ungeongezwa wa tano, unaotaja metronidazoli kwa jina.