Vivinjari vya zamani na hesabu ya miezi 30

Wanaotaka sisi watengeneza tovuti tuache kuvihudumia vivinjari vya zamani, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandaoni, wana sababu, na walioteswa na Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ndio wenye sauti kubwa. Toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006, na miaka yote hiyo watu waliandika CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) ya kawaida kisha nyingine ya kulibembeleza toleo la 6. Microsoft walipoistaafisha Internet Explorer 11 Juni 2022, wengi walishusha pumzi. Isitoshe, skripti, yaani vipande vya programu, za kukifundisha kivinjari cha zamani mambo mapya zina uzito, na uzito huo hulipwa kwa bando la mtu.

Siku hizi mjadala umepata kipimo, Baseline. Kipengele kipya cha kutengenezea kurasa kikishafanya kazi katika Chrome, Edge, Firefox na Safari, huhesabiwa miezi 30, kisha hutangazwa kuwa kinapatikana kwa upana. Kipimo hiki kimepunguza ubishi mwingi na nakitumia. Ninachokipinga ni kukifanya ruhusa ya kutoangalia tena nyuma. Miezi 30 huhesabu muda, haihesabu simu.

Chukua iPhone 6. Ilitoka 2014, mfumo wake wa mwisho ni iOS 12, na Safari yake haivuki toleo la 12. Mwenye nayo hawezi kukimbilia Chrome, maana Chrome ya iPhone hiyo hutumia injini ileile ya Safari, yaani sehemu inayochora kurasa, iliyomo ndani ya simu. Kwa upande mwingine, simu za Android 6 ziliishia Chrome 106. Huku kwetu simu haitupwi kwa sababu kampuni imechoka nayo: huuzwa tena, hupewa mdogo mtu, hupelekwa kwa mama kijijini. Ipite miezi 30 au 60, kivinjari chake kipo palepale.

Madhara ya kutoangalia nyuma yanaonekana vizuri kwenye rangi za oklch, namna mpya ya kuandika rangi katika CSS. Zilienea katika vivinjari vikuu vyote Mei 2023, kwa hiyo Novemba 2025 zilitimiza miezi 30. CSS ina tabia njema tangu mwanzo: kivinjari kikikuta tamko kisilolielewa, huliruka na kuendelea. Ndiyo maana unaweza kuandika rangi ya kawaida, chini yake ukaandika ya oklch, na simu ya zamani ikabaki na ile ya kwanza. Lakini sasa tumezoea kuipa rangi jina juu ya faili, tuseme --rangi-kuu, halafu kitufe kikaiita kwa var(), amri ya kuchukua thamani yenye jina hilo. Safari 12 inaijua var(), hivyo hulikubali tamko na kuitupa ile rangi ya kawaida iliyowekwa juu yake kama akiba. Inapofika kupaka ndipo inapokuta rangi isiyoijua. Kitufe kinabaki bila rangi ya nyuma, maandishi yake meupe, ukurasa mweupe. Neno “Lipa” lipo, halionekani. Mteja hatajua kwamba kosa ni la CSS. Ataona duka halina pa kulipia, ataondoka.

Na dawa yake ni mistari michache tu: ipe --rangi-kuu thamani ya kawaida inayoanza na alama ya #, kisha irudie kwa oklch ndani ya @supports, sharti la CSS linalouliza kwanza kama kivinjari kinakijua kitu fulani, ambalo Safari inalielewa tangu toleo la 9. Hapo hakuna skripti wala bando la ziada. Hoja ya uzito ni ya kweli kwa skripti, ila watu huitumia kukataa hata kazi kama hii.

Nadhani wengi bado wanapigana na mteja wa enzi za Internet Explorer, aliyetaka kila pembe ifanane kila mahali. Huyo hakuwa sahihi. Kivinjari cha Opera Mini kinapobana data kwa kiwango cha juu hakichori pembe za mviringo, na kitufe chenye pembe kali kinabonyezeka vilevile. Safu tatu zikiwa moja, ukurasa unasomeka. Kinachodaiwa ni ukurasa ufanye kazi.

Tailwind, zana maarufu ya kuandikia CSS, ilipotoa toleo la 4.0 Januari 2025 ilitaka Safari 16.4, Chrome 111 na Firefox 128. Safari hiyo ni ya Machi 2023, Firefox hiyo ni ya Julai 2024. Hata miezi 30 haikusubiriwa. Watengenezaji wake walisema wazi kwamba anayehitaji vivinjari vya zamani abaki na toleo la 3.4, na la 4.1 likalegeza kidogo. Kosa ni letu tunaochukua toleo jipya bila kujiuliza nani atafungua ukurasa.

Jibu la kawaida ni kwamba takwimu za tovuti zinaonyesha wageni hao ni wachache. Mgeni ambaye ukurasa ulimkatalia jana harudi leo kuhesabiwa, na skripti ya kuhesabu yenyewe inaweza kushindwa kwenye simu yake.

Hoja ya usalama ndiyo inayonipa shida zaidi. Kivinjari kisichosasishwa ni hatari kwa mwenyewe, na benki ikikikataa sitailaumu. Lakini imwambie hivyo kwa sentensi inayosomeka kwenye simu hiyohiyo, pamoja na namba ya kupiga au msimbo wa USSD wa kufanyia muamala wake.